Sofa la Mtaa Mzima

Mgeni hakalishwi kwenye ndoo. Pale mtaani ndivyo walivyolelewa. Basi bwana takwimu, aliyetumwa kuhesabu mali za kila nyumba, alipopiga hodi kwa Nyamizi, sofa pekee la mtaa lilikuwa limeshapitishwa mlango wa nyuma, likatandikwa kitambaa alichokifuma Nyamizi mwenyewe.

Mgeni akakaa, likabonyea.

“Nyumba ya nne hii, na kote nakuta sofa,” alisema. “Kuna mikoa, mama, watu wanakaa chini. Mkoa wenye hali mbaya kuliko yote ndio utakaochimbiwa visima. Hili ni lenu?”

Nyamizi akatazama ndoo pembeni. Maji aliyoyafuata bondeni tangu alfajiri yalikuwa bado hayajatuama. Mumewe, Lugendo, akakohoa. Uani majirani wawili walikuwa wamechuchumaa wakisubiri kulibeba sofa. Mmoja wao, mama Sikujua, wiki ile alizika mtoto kwa kuhara. Naye akatikisa kichwa: usituaibishe.

“Ni letu,” Nyamizi akasema.

“Hongereni. Mkoa wenu umeendelea.”

Kisha akaomba maji ya kunywa. Nyamizi akamchotea ya juu juu, taratibu, asivuruge tope. Mgeni akakitazama kikombe, akashukuru, akakiweka chini bila kunywa.

Alipotoka kwa mbele, sofa likatoka kwa nyuma. Nyamizi akabaki na kitambaa chake mkononi. Kule kwenye migomba, juu ya vichwa vya majirani, sofa lilikwenda mbio limuwahi mgeni nyumba ya jirani.