Usirudi Bila Mzazi

Tumpe alikatiza mistari yote ya paredi akiwa na sahani ya maharage mkononi, akaitua juu ya meza mbele ya mkuu wa shule.

"Onja, mwalimu," alisema.

Asubuhi za milimani huku Ileje zina baridi ya kung'ata masikio, na maharage yale ya jana jioni yalikuwa yameganda. Wadudu weusi walionekana waziwazi juu ya mchuzi. Kidato cha kwanza walikuwa wanapishana chooni tangu juzi, na Aida, mdogo kuliko wote, alikuwa amelala bwenini hawezi hata kusimama.

Kilichomchoma Tumpe si wadudu peke yao. Maharage yale waliyalima wenyewe, kwa majembe waliyotoka nayo makwao. Yaliyokuwa mazuri yakapanda fuso kwenda kuuzwa Tunduma, na yaliyobunguliwa yakabaki stoo kwa ajili ya waliolima. Mkuu wa shule alisema pesa imeezeka bweni jipya, na kweli mabati yalionekana. Lakini mabati hayaliwi.

Mkuu hakuigusa sahani. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Umemaliza?"

"Bado. Nitamaliza yakitolewa stoo."

Mtu yule alikuwa na mengi ya kulaumiwa, ila sifa moja hata Tumpe hakumnyima: hakujua kupendelea. Mtoto wa diwani alikosea, akapalilia bustani wiki nzima. Mtoto wa mchungaji alikosea, akasugua vyoo. Na kila aliyevuka mpaka alisomewa maneno yaleyale, ambayo mkuu aliyasema kwa mazoea kiasi kwamba sidhani kama alikuwa akiyasikia tena.

"Omba radhi," alisema sasa.

"Siombi."

"Basi toka nje ya geti, na usirudi bila mzazi. Nina maneno ya kumwambia huyo aliyekulea."

Hata waliokuwa wakikohoa waliacha. Madamu Judith, mwalimu wa zamu, aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Mama yangu ni marehemu, mwalimu," Tumpe alisema. "Ninaye baba tu."

Shule nzima ilikuwa inamtazama mkuu wa shule, si Tumpe.

"Basi aje huyo baba."

"Ana kazi nyingi."

"Aziache, aje. Asipokuja, utafute shule nyingine. Sheria ni ya wote."

"Nimesikia, mwalimu."

Bwenini, Sekela, aliyelala kitanda cha chini yake, alimfuata na kumkuta anakunja blanketi. Tumpe aliogopa kweli, wala hakujifanya jasiri. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia, na hakuna shule ambayo ingempokea wakati kama ule. Akifukuzwa, miaka yote ile imekwenda na maji.

"Rudi ukaombe radhi," Sekela alimsihi. "Unamjua yule. Akishasema, kasema."

"Na mimi nimeshasema."

"Ndiyo shida yenu. Mmefanana."

Tumpe alimwachia Sekela mafuta yake ya kupaka ampe Aida, akajifunika khanga mabegani na kutoka.

Getini, mlinzi, mzee Efraimu, alisimama njiani.

"Unakwenda wapi asubuhi hii, mjukuu wangu?"

"Nimetumwa kumleta baba."

Mzee alimkodolea macho. Badala ya kumfungulia kile kimlango cha watembea kwa miguu, alifungua geti lote, upande huu na upande ule, namna anavyofungua gari la afisa elimu likija.

"Haya, mama. Nenda kamlete."

Baba hangekuwa nyumbani kabla ya saa kumi, kwa hiyo Tumpe aliketi kando ya barabara, ubavuni mwa shamba la viazi. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kubadili mawazo. Bodaboda zilipita, ukungu ukashuka na kupanda tena, naye hakubadili. Kila alipotaka kulegea alimkumbuka Aida aliyejikunja kitandani, na hasira ikampanda upya. Kama kutetea tumbo la mtoto ni ukaidi, basi yeye ni mkaidi na aandikwe hivyo.

Jua lilipoanza kulegea alinyanyuka, akashika njia ya mahindini mpaka kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo moshi wake ulikuwa umeshaanza kutoka jikoni. Hakuingia moja kwa moja kama alivyozoea wakati wa likizo. Alisimama nje ya mlango kama mgeni na kupiga hodi.

Baba alifungua akiwa na ndala miguuni na kikombe cha chai mkononi. Tumpe alipiga magoti, kama binti aliyelelewa vizuri anavyomwamkia mzazi wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimefukuzwa shule. Nimeambiwa nisirudi bila wewe, eti kuna maneno ya kumwambia aliyenilea. Nikasema una kazi nyingi, nikajibiwa uziache uje, maana sheria ni ya wote."

Mkuu wa shule aliweka kikombe chini, akaingia ndani kutafuta viatu.