Kibuyu cha Mkwe

Mvua ilinyesha milimani juzi. Laga yetu, mto wa msimu nje ya Kakuma, ikatiririka siku moja, ikakatika. Hapo ndipo huwa tunachimba mchangani, maana mchanga huyachuja maji yakawa matamu. Safari hii yalitoka na povu, yananuka choo.

Nikajaza kibuyu, nikapanda nacho juu ya mkondo nikamtafute huyo nguruwe aliyeyachafua.

Baada ya kona nikakuta gari la kunyonya vyoo. Bomba lake nene lilikuwa limelala mchangani, linatapika mavi meusi yenye makaratasi na nywele. Nzi walivuma kuliko injini. Dereva alikuwa Erupe, mume wa binti yangu.

"Ejok, baba," alinisalimu, akijifuta mikono kwenye suruali.

"Ejok. Unamwaga hapa?"

"Kule kwa kumwaga ni mbali, baba. Mvua ikirudi itasomba yote."

Jua lilikuwa kali na midomo yake ilikuwa imekauka. Nikamnyoshea kibuyu kwa mikono miwili. Kwetu mtu hakatai maji aliyopewa na baba mkwe.

Akakipokea, akakiinua. Kikafika mdomoni, uso ukamkunjamana.

"Baba, haya maji yameoza."

"Kunywa. Mke wako alifika kwetu jana na mtoto wenu. Hatuna maji mengine. Asubuhi alimnywesha hayo hayo."

Erupe aligeuka, akalitazama bomba. Bado lilikuwa linamwaga.