Vivuli Msibani

Siku mama yake Salhina alipofariki, mikeka ilijaa vivuli. Ndivyo watu wa Tanga wanavyohani siku hizi: ukibanwa na kazi, unawasha kivuli chako, umbo la mwanga tu, kinakwenda kukaa msibani na kulia kwa sauti yako. Salhina alikuwa ameshona magauni, akaimba taarabu harusini, akatengeneza simu, mwisho akaangukia kwenye kuandika programu, na kilio kile cha vivuli ni yeye aliyekitunga. Sasa kilimzunguka nyumba nzima, kikipanda na kushuka vilevile alivyokipanga.

Lakini maiti huoshwa kwa mikono, na kivuli hakishiki kata ya maji.

Aliyekuja mwenyewe ni Mama Shekue peke yake, jirani wa nyumba ya tatu, macho yameingia ukungu, akipapasa ukuta. Alikunja mikono ya gauni lake.

"Nimiminie maji taratibu, mwanangu. Mimi nitamwosha."

Salhina akamimina. "Umehangaika kuja, mama, na hali yako hiyo."

"Ningekosaje?" alisema Mama Shekue, akiuosha polepole mkono wa marehemu. "Nilipomzika binti yangu, ulikaa nami tangu asubuhi mpaka watu wakatawanyika. Nilikuwa nakusikia ubavuni mwangu unalia. Wengine wote walituma vivuli."

Siku ile Salhina alikuwa saluni, anasukwa nywele.

"Mwanangu," alisema Mama Shekue, kiganja kikiwa wazi, kinangoja, "mbona maji yamekatika?"