Mtihani wa Konokono

Thoya alimpindua konokono wa tisa chali juu ya mchanga, akachuchumaa kumngoja ajigeuze.

Wanane waliomtangulia walikuwa wamefeli. Wawili walilala papo hapo walipowekwa kwenye kipande cha kioo kichafu alichokuja nacho. Mmoja alitembea vizuri lakini hakula. Watano walipopinduliwa hawakuweza kujigeuza, na konokono asiyeweza kujigeuza hufa, akanuka, akachafua maji yale yale aliyoletwa kuyasafisha. Thoya hakutaka mzigo wa namna hiyo.

Huyu wa tisa, mdogo, mweusi, asiye na sura yoyote, alitoa shingo, akajisukuma, akageuka.

"Umepita," Thoya alimwambia, akamtia kwenye ndoo.

Maji yalikuwa yamekupwa, na mama mkwe wake alikuwa akipita ufukoni na kapu lake. Alisimama kando kidogo, kwa heshima, akajitanda leso vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mdudu unamfanya nini?"

"Namtahini, mama. Kuna kazi hotelini."

"Haya. Na wewe utafaulu lini?"

Thoya aliinamia ndoo yake. Swali lilimchoma, kwa maana huu ulikuwa mwezi wa tatu tangu mama huyu amchukue Jumwa, mke wa Thoya, na kumrudisha kwao Mwabungo. Alisema binti yake hatarudi mpaka mumewe apate kazi inayoeleweka, yenye mshahara na kofia. Thoya alimpenda mkewe. Mpaka leo alikuwa akilala upande mmoja wa kitanda, kama vile mkewe bado yupo.

Na kofia ilikuwepo. Ilikuwa ya kaki, imetundikwa msumarini karibu na tangi kubwa la kioo, pale mapokezi ya hoteli moja ya Diani. Mzungu aliyekuwa akiwatunza samaki wa tangi lile alirudi kwao wiki chache baada ya bendera mpya kupandishwa. Samaki walibaki. Utando wa kijani nao ulibaki, ukatambaa kiooni mpaka wageni wakadhani hoteli inafuga mchicha.

Meneja mpya, Bwana Mangi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, na alikikalia kwa nguvu zote. Siku ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi, akaapa kuwa hotelini mwake hatalipwa mtu asiye na kazi ya kufanya. Walimpigia makofi. Thoya na mtu mwingine aitwaye Shutu walipofika siku moja kuomba kazi ya tangi, meneja aliwatazama, akafikiri, akaagiza kipande cha kioo na kuligawa tangi katikati.

"Kushoto Thoya, kulia Shutu," alisema. "Nimesoma kwamba wako wanyama wa baharini wanaosafisha tangi wenyewe. Kila mtu achague wake. Hakuna kutia mkono majini, wala kitambaa. Siku ya saba nitakuja kuangalia."

Shutu hakumtahini yeyote. Alichagua kwa macho: konokono wakubwa wenye magamba ya kung'aa, kiti cha pweza mwekundu mwenye mikono mitano kama nyota, na kaa mmoja mnene mwenye gando kama koleo.

"Hawa wana hadhi," alimwambia Thoya. "Wako wanafanana na vifungo vya koti."

Hadhi ilianza kazi siku ya pili. Kaa alimla konokono mmoja, kiti cha pweza akawala wawili, kisha kaa akamla kiti cha pweza, mkono baada ya mkono. Kufikia siku ya tano alikuwa amebaki peke yake, ameshiba, amelala, na kioo cha upande wake hakipitishi hata mwanga.

Vifungo vya Thoya vilikula. Vilikula asubuhi, vikala mchana wageni wakivitazama, na uchafu ulioanguka chini ulimezwa na majongoo bahari wawili, ambao mtihani wao ulikuwa umechukua saa tatu nzima. Thoya alipita mapokezini kila siku kuwajulia hali. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu harusi yake.

Siku ya saba wafanyakazi wote walikuja kuona. Mama mkwe alikuja pia, akasimama mlangoni pamoja na Jumwa, na Jumwa alikuwa amebeba kifurushi chake cha nguo. Thoya alipokiona kile kifurushi, alinyoosha kola ya shati lake.

Bwana Mangi alianza upande wa kushoto. Alimsimamisha mpishi nyuma ya tangi ashike gazeti, akasoma habari za ukurasa wa kwanza kupitia majini, kwa sauti, mpaka mwisho, bila kukwama. Alitafuta doa kwa kidole. Alipiga magoti akachungulia kila pembe. Hakuona doa.

Akaenda kulia. Huko hakuona kitu chochote. Aligonga kioo, na kwa ndani kitu kikagonga pia. Wafanyakazi walicheka, na Shutu akaangalia viatu vyake.

Meneja aliitoa kofia msumarini, akaipangusa vumbi, akarudi mpaka mbele ya Thoya. Thoya aliinamisha kichwa ili iingie vizuri.

"Bwana Thoya," meneja alisema, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli, "nimetafuta kazi upande wako, sikupata hata ya dakika moja."

Akamgeukia Shutu, akamvisha kofia, akamkabidhi ndoo na kitambaa.