Kumbukumbu za Joto

"Chomoa waya wa kompyuta hiyo, Zamda," meneja alisema. "Mashine mpya imeshafika."

Zamda, fundi wa mitambo ya hospitali, hakuchomoa. Kompyuta ile kuukuu iliongoza joto la kila chumba na kukumbuka nani alizima nini. Alikuwa akinakili kumbukumbu hizo, ambazo zingefutika waya ukichomolewa, kwa sababu muuguzi Mwanaidi alikuwa amefukuzwa kwa madai ya kuzima joto la chumba cha vichanga.

"Kwani unamshuku nani, dada?"

"Simshuku mtu, bosi. Nataka mashine iseme yenyewe."

"Na nikichomoa mimi?"

"Basi unisogeze kwanza."

Akavua viatu, akaketi sakafuni, mgongo wake ukaziba soketi. Meneja aliinama, mkono ukabaki hewani. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa kuonyesha kunakili ulitambaa, ukiwa bado haujafika nusu.