Siku za Kazi

"Jumapili mnaihesabu?" Saleha aliuliza kabla hata ya salamu, upindo wa kanga ukiwa umemziba mdomo.

"Hatuihesabu, Bi Saleha," alijibu Muhidini, karani wa baraza. "Wala Jumamosi. Mumeo amehukumiwa siku ishirini za kazi, na siku ya kazi ni ile anayoshika jembe."

Mumewe, Sleyum, alikuwa amempiga ngumi balozi wa nyumba kumi aliyekwenda kuamua ugomvi nyumbani kwao. Sasa alilala kambini na kulima shamba la ujamaa, mgambo wakimsimamia.

"Na Maulidi?"

"Hata Maulidi." Karani akapitisha kidole kwenye kalenda ya ukutani, akiziruka siku za mapumziko. "Atatoka Jumanne ijayo."

"Una hakika? Si kabla?"

"Si kabla. Laiti ningekuwa na uwezo, dada yangu."

Saleha akafumba macho, machozi yakamtiririka. Akashukuru, akaondoka mbio kurudi kijijini kwao Baleni.

Siku ile Muhidini alimfikiria hadi usiku. Yeye mwenyewe angefungwa leo, mkewe asingemlilia hivyo. Lakini angefanya nini? Hukumu haikuwa yake, na kalenda haikuwa yake.

Kesho yake akasimama tena mbele ya kalenda, akahesabu bila kuruka kitu. Kumbe kwa hesabu hiyo kifungo kilikuwa kimekwisha! Nani angemuuliza? Akaenda kambini, akamwambia msimamizi kuwa siku zimetimia. Msimamizi hakubisha; karani ndiye ajuaye hesabu.

Jumamosi adhuhuri, ofisi ilipofungwa, akampakia Sleyum kwenye baiskeli yake mwenyewe. Walipokaribia Baleni, Sleyum akauliza:

"Anajua kuwa nakuja?"

"Hajui!" Muhidini akacheka, jasho likimtoka. "Tutamshtukiza."

Walimkuta Saleha uani akiagana na jirani, mtoto mgongoni, furushi la nguo kichwani.

Furushi likaanguka.

"Ulisema Jumanne," alimwambia karani.

Sleyum alimshukuru Muhidini kwa adabu zote. Kisha akamshika mkewe mkono, akamwingiza ndani, na mchana kweupe mlango ukatiwa komeo.