Mwiba wa Yohana

Mchungaji alimwagiza Ngollo aishushe picha ya Yohana Mbatizaji, ikachomwe. Mchwa walishamaliza fremu, na waumini wa Sikonge walishachanga fedha za televisheni ya kuweka pale ukutani mwa kanisa.

Mmarekani mmoja aliichora kwa rangi za mafuta, zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, na wamisionari wakaja nayo. Yohana yuko nyikani, ameshika sega la asali.

Ngollo, mrina asali tangu ujana, aliifuta vumbi kwa kiganja. Kidole gumba cha Yohana kilikuwa kimevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Katikati ya uvimbe palikuwa na kidoa cheusi.

Bila kufikiri, alikikwangua kwa ukucha, kwa upande, kama anavyowafanyia wenzake porini. Mwiba wa nyuki haubanwi. Ukiubana, sumu yote inaingia mwilini.

Hakikutoka. Kilikuwa rangi.

Ngollo akautazama mkono wake, kisha ule wa Yohana.

"Mzee Ngollo, moto umeshawaka," Mchungaji aliita kutoka uani.

"Mchungaji, aliyechora hii nyuki walimuuma kweli."

Ngollo akatoka kwa mlango wa mbele, akaifunga picha kwenye baiskeli yake kwa kamba ya kupandishia mizinga.